Kidonge cha Saa Moja na Nusu

Kila siku, saa moja na nusu asubuhi, mke wangu alikuwa anaingia karakanani kwangu na kumchungulia mwanamume mwingine mdomoni.

Sitii chumvi. Alikuwa anapita akielekea zahanati, sare yake ya unesi imepigwa pasi, anaweka mkoba juu ya meza yangu ya kurandia, anatoa kichupa, anamimina kidonge kimoja kwenye kifuniko. Mpima anakipokea, anakitia kinywani, anashushia na maji. Kisha mke wangu anamwambia, "Fungua." Anafungua. "Inua ulimi." Anainua. Mke wangu anainama, anachungulia pembe zote kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, halafu anajiinua na kuuliza:

"Haya kaka, umelalaje?"

Na anangoja jibu. Hapo ndipo roho iliponiuma. Anasimama pale, mkoba begani, kama hana pa kwenda, anangoja.

"Vibaya kidogo, dada. Nimeota nimeshika chupa. Nimeamka natetemeka."

"Ukafanya nini?"

"Nikanywa maji. Nikakaa kitandani mpaka kukakucha."

"Umefanya vizuri sana."

Umefanya vizuri sana! Mimi nikiamka nikanywa maji, hakuna anayenipigia makofi. Tumeoana miaka ishirini na miwili, na asubuhi yangu ni hii: "Gesi imeisha." "Umeona funguo?" "Mwanao kapiga simu, mpigie." Akishamaliza na Mpima ananigeukia mimi, niliyesimama na randa mkononi kama mlinzi wa benki, ananiambia, "Usisahau kufunga dirisha la jikoni." Huyo anakwenda zake.

Mpima alikuwa mpima ardhi kweli, wa vyeti na gari la ofisi. Pombe ilimlia kazi, ikamlia nyumba, ikamwondolea mke. Alibakiwa na binti wa miaka tisa, naye analelewa na dada yake. Zahanati hakwenda kutafuta tiba ya pombe. Alikwenda na kiganja kilichopasuliwa na kioo.

Pale zahanati mke wangu ana meza yake. Kila anayeingia, awe na jino, awe na presha, awe amekatwa na bati, anaulizwa maswali kumi kuhusu pombe. Unakunywa mara ngapi? Ukianza unaweza kuacha? Asubuhi unahitaji kidogo ya kukuamsha? Kuna mtu ameumia kwa sababu ya kunywa kwako? Kila jibu lina alama zake. "Watu hawaji kwetu kwa ajili ya pombe," huniambia. "Wanakuja na kidonda. Pombe tunaikuta chini ya bandeji." Mpima alipata alama thelathini na moja kati ya arobaini. Walimlaza hospitali kubwa mpaka mtetemeko ulipokwisha, kisha wakamwanzishia kidonge.

Maswali hayo nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuulizwa. Siku mke wangu aliporudi kutoka mafunzoni alinikalisha jikoni, akashika kalamu, akaniuliza yote kumi, taratibu, akiniangalia machoni. Sikumbuki lini kabla ya hapo aliniangalia vile, na baada ya hapo hakuniangalia tena. Nilipata alama tatu. "Wewe huna neno," akasema, akakunja karatasi, akaenda kuanua nguo. Nusu saa nzima nilikuwa mtu wa maana, halafu nikapata tatu. Kweli nawaambia, nilitamani ningepata thelathini.

Mwenye alama kubwa kama za Mpima haachiwi kichupa mkononi. Lazima awe na shahidi, mtu wa kumpa kidonge kila siku na kumwona akimeza. Dada yake Mpima alikataa katakata. "Nimeshuhudia ya kutosha," alisema. Lakini alitoa ahadi mbele ya daktari: ndugu yake akimaliza siku tisini bila tone, binti anarudi kwa baba yake. Akinywa hata kikombe, hesabu inaanza upya na mtoto haendi popote. Basi ushahidi mke wangu akaubeba mwenyewe, kwa kuwa karakana iko njiani kwake, na kazi akamwombea kwangu, kwa kuwa msaidizi wangu alikuwa ameondoka kwenda kufungua ya kwake.

"Mchukue, baba watoto. Akiwa mzima ana mkono mtulivu."

Nikamchukua. Nilitaka kumfurahisha mke wangu. Akafurahi kupita nilivyotaka.

Siku ya kwanza mke wangu aliniweka kando ya dumu la spiriti, akanyoosha kidole. Sisi kabati nzuri hatuipaki vanishi ya kopo. Tunayeyusha magamba ya polishi ndani ya spiriti, tunachovya pamba iliyofungwa kitambaa, tunasugua mkono kwa mkono mpaka mbao iote mng'ao.

"Hii asiiguse," aliniambia. "Kidonge hiki kikikutana na pombe mwilini, mwili unamgeuka. Moyo unamwenda mbio, anatapika, anaweza kuanguka. Si lazima anywe. Spiriti ikimwingia kwa ngozi, au akivuta mvuke wake ndani ya chumba, ni yale yale. Mpe randa, mpe msasa, mpe msumeno. Polishi paka wewe. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Polishi napaka mimi. Ningekuwa mtoto wa shule ungenipa na kazi ya nyumbani."

Alinikumbusha wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mara tatu jumla. Nataka ijulikane hivyo.

Sasa, kama Mpima angekuwa mzembe ningemvumilia. Mtu akiwa mzembe unamfokea, roho inatulia. Lakini alikuwa anajua kazi, na alijifunza upesi mpaka ikawa kero. Mimi mlango wa kabati naurandia, naujaribisha, naurudisha mezani, naurandia tena. Yeye anapima mara moja, anachora mstari mmoja, anakata, mlango unaingia kimya kama mkono mfukoni. Wateja wakaanza kuuliza, "Yule fundi wako mpole yupo?" Mpole! Mimi nimekaa hapa miaka kumi na tisa, sijawahi kuitwa mpole.

Na kulikuwa na Soli. Soli ni fundi viatu, banda lake linagusana na mlango wangu, na mdomo wake hauna mfuniko.

"Fundi," ananiambia siku moja, misumari imejaa mdomoni, "hivi shemeji yetu akija asubuhi, anakuja kumwamkia nani?"

"Anampa mgonjwa dawa."

"Na wewe anakupa nini?"

"Gonga kiatu, Soli."

"Nagonga, nagonga. Nauliza tu. Mimi mke wangu mara ya mwisho kuniangalia mdomoni ilikuwa kutafuta nyama aliyoificha." Akacheka peke yake mpaka msumari ukamtoka.

Nilijikaza kisabuni. Lakini maneno kama hayo yakishaingia hayatoki. Nikaanza kuangalia vitu. Mke wangu amejipaka mafuta gani leo. Amesimama dakika ngapi. Kwa nini amecheka. Jioni namuuliza habari za kazi, ananiambia, "Mpima kafikisha siku sitini," uso unang'aa. Namwambia, "Mlevi ni mlevi, mama. Atarudi tu." Anasema, "Usiseme hivyo," na mazungumzo yanaishia hapo, tunakula.

Halafu kikaja kitanda.

Mpima aliniomba vipande vya mbao vinavyobaki. Nikampa, vingekwenda jikoni hata hivyo. Kila mchana badala ya kupumzika akawa anaunda kitanda cha binti yake, kidogo, chenye kichwa cha kujipinda na mbao za ubavu zilizoungwa bila msumari hata mmoja. Nilikitazama kwa jicho la pembeni. Kilikuwa kazi nzuri. Kilikuwa kazi nzuri kuliko kitu chochote nilichotoa mwaka ule.

Siku ya themanini na moja, asubuhi, mke wangu alimpa kidonge, akamwangalia ulimi, akamuuliza alivyolala. Alilala vizuri. Kisha akakiona kitanda kimesimama kwa miguu yake yote minne, akaenda akakipapasa.

"Kaka! Umekimaliza?"

"Bado kupaka tu, dada."

"Mtoto atalala kama malkia." Akanigeukia, na tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini halikuwa langu. "Unaona, baba watoto? Mtu anavyomtengenezea mwenzake kitanda."

Lazima nieleze. Kitanda chetu nyumbani kilikatika mguu mmoja tangu mwaka juzi. Tulikiegemeza juu ya matofali mawili, na kila wiki aliniambia, na kila wiki nilisema kesho. Mimi, seremala. Ukijigeuza usiku kinayumba kama kinataka kukutupa.

Sidhani alitaka kunichoma. Lakini Soli alikuwa mlangoni na alisikia, akapiga mluzi mdogo, ule wa kusema amekupata. Nikahisi damu imenipanda mpaka masikioni. Mke wangu akaenda zake.

Mvua ilianza saa tatu. Kulikuwa na kabati la mteja la kumalizwa siku ile, limebaki kupakwa rafu za ndani na milango miwili. Mvua na polishi havipatani. Unyevu ukiingia, mbao inafanya ukungu mweupe. Unafunga milango na madirisha, unapaka ndani ya chumba kilichozibwa. Kazi ya kuumiza kichwa hata kwa mimi nisiyetumia kidonge chochote.

Nikamwambia Mpima, "Chukua pamba. Paka kabati."

Akasimama. "Fundi, dada alisema nisiguse..."

"Dada yako, au mke wangu?"

Akafuta mikono kwenye shati.

"Hapa bosi ni nani?"

"Ni wewe."

"Fundi asiyepaka polishi si fundi. Mimi nakwenda kununua bawaba. Nikirudi nikute milango imeng'aa."

Alikuwa na siku tisa zimebaki, na kazi ndiyo iliyomshikilia. Alijua akifukuzwa, yule dada yake anayemlea binti atasema nini. Aliniangalia, akaangalia dumu, akachukua pamba. Mimi mwenyewe nikafunga madirisha. Mimi mwenyewe nikavuta mlango nyuma yangu.

Njiani nilijiambia atapata kizunguzungu kidogo, atajifunza kwamba hapa hakuletwa kudekezwa. Niliyasema moyoni hivyo hivyo. Nikachagua bawaba kwa utulivu kabisa, nikakaa kibandani kuzungumza na muuza misumari mpaka mvua ipungue.

Niliporudi watu walikuwa wamejaa mlangoni na Soli alikuwa katikati yao, mikono juu.

"Amelewa! Nilisikia kishindo, nikafungua, namkuta chini! Amelewa huyu, nusa mwenyewe!"

Mpima alikuwa sakafuni, amejikunja kwenye vumbi la msumeno, jasho linamtiririka kama amemwagiwa ndoo. Macho mekundu. Alikuwa anatapika na kifua kinapanda na kushuka mbio mpaka shati linatikisika. Kweli alinuka. Mikono, shati, pumzi, vyote vilinuka spiriti. Kisha mke wangu akafika, kaitwa kwa simu, kakimbia na viatu vya kazini ndani ya matope, na mhudumu mwenzake nyuma na machela.

Akapiga magoti kando yake. Akamshika mshipa. Akanusa mdomo wake, nikamwona uso unabadilika.

"Kaka. Kaka, umekunywa?"

Mpima akatikisa kichwa. Alitaka kusema, kikamjia kichefuchefu kingine.

Akatoa kidude cha kupima pombe kwenye pumzi, akampulizisha. Akakitazama kwa muda mrefu. "Kimeonyesha," akasema. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Siku themanini na moja."

Kisha akaniuliza mimi. "Ulikuwepo?"

"Nilikwenda kununua bawaba." Nikazionyesha, ndani ya karatasi.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Dumu lilikuwa nyuma yangu, pamba imeanguka chini ya kabati. Karakana yangu hunuka spiriti mwaka mzima. Hakuwa na sababu ya kulifikiria dumu, kwa sababu mume wake alimwambia amesikia, na alirudia.

"Msasa," nikasema.

Mpima aliinua macho akanitazama kutoka pale chini. Wakambeba.

Nilitegemea nitafurahi. Nakiri. Watu walipotawanyika, Soli akanipiga begani, "Ulisema tangu zamani, fundi, mlevi ni mlevi," na nikatikisa kichwa kama mtu aliyeona mbali.

Jioni mke wangu alirudi mapema. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, upande wa matofali, bado amevaa sare. Mpima alikuwa hajambo, moyo umetulia, wamemlaza zahanati kumwangalia. Anasema hakunywa. Haelezi zaidi ya hapo. Daktari amemwita dada yake aje wakae kesho saa nne, wamweleze kwamba hesabu inarudi sifuri.

"Anasema hakunywa," mke wangu alirudia. "Wote husema hivyo. Nilidhani huyu tofauti."

Nikaketi kando yake, nikavua viatu.

"Labda ulikuwa unasema kweli. Mlevi ni mlevi."

Akaniegemea. Kichwa chake kikatua begani kwangu, kizito, kama zamani tulipokuwa tunapanga chumba kimoja. Nilikuwa nimekitamani kichwa kile kwa miezi. Nilikuwa nimekionea wivu kila kilipoinama kwa mtu mwingine. Sasa kilikuwa changu, na maneno yangu yalikuwa yanatoka kinywani mwake, yale yale niliyoyasema nikitafuta ugomvi, na yeye aliyasema kwa kuchoka kabisa, kama mtu anayekubali kufunga duka. Bega likaniwaka. Nilikaa vile vile, sikusogea, mpaka akajiinua mwenyewe.

Asubuhi nilifungua karakana peke yangu. Saa moja na nusu ikafika, hakuna aliyeingia.

Nikaenda kwenye kabati. Rafu zote alikuwa amezimaliza. Mlango mmoja alikuwa amemaliza na wa pili nusu, na pale alipoishia palikuwa na mstari ulionyooka, halafu alama ya vidole vinne ikishuka mpaka chini. Aliendelea kupaka huku anaumwa. Hakutaka nirudi nikute haijang'aa.

Nikaenda kwenye kitanda cha mtoto. Kilikuwa kikavu. Hakukuwa na tone la polishi juu yake, wala vanishi, wala chochote. Alikuwa amekipiga msasa mpaka kimekuwa laini kama shavu, na kukiacha hivyo hivyo siku nyingi, akipita kando ya dumu kila saa. Kwa kitanda cha mwanawe mwenyewe aliogopa kuvunja sharti. Kwa kabati langu alilivunja, kwa sababu nilimlazimisha. Chini ya ubavu wa kitanda aliandika kwa penseli, kwa zile tarakimu zake safi: urefu wa mtoto, ongeza miaka minne.

Nilikaa juu ya kisiki cha kupasulia. Halafu nikaiokota ile pamba, nikaitia mfukoni, nikafunga karakana.

"Leo hufungui?" Soli akauliza.

"Nakwenda zahanati."

"Unaumwa?"

"Ndiyo."

Walikuwa ndani ya chumba cha daktari, mlango wazi nusu. Daktari mezani, mke wangu pembeni na faili, Mpima kwenye benchi amevaa shati la zahanati. Dada yake, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alikuwa tayari amesimama.

"Mara ya tano!" alikuwa anasema. "Mara ya tano napigiwa simu! Mtoto amefunga nguo zake kwenye mfuko tangu Jumapili. Nikirudi nimwambie nini?"

Nikaingia bila kubisha. "Hakunywa," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikaitoa pamba, nikaiweka juu ya meza ya daktari. Chumba kizima kikanuka.

"Alikuwa anapaka polishi. Kwa spiriti. Milango imefungwa. Nilimwagiza mimi. Alinikumbusha kwamba amekatazwa, nikamwambia bosi ni mimi."

Daktari akaishika ile pamba kwa ncha ya kalamu. "Ulijua ana kidonge?"

"Nilijua. Niliambiwa mara tatu. Jana nilipoulizwa nikasema alikuwa anapiga msasa. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

Mtu ukiishia darasa la tano maneno mengi huna, lakini hilo nilikuwa nalo.

"Wivu," nikasema. "Mke wangu anamuuliza alivyolala."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka. Dada yake Mpima ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Mtu mzima! Na mvi zako hizo! Unataka kumuua ndugu yangu kwa sababu ya salamu?"

"Ndiyo, mama," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

Daktari akafungua faili, akatafuta mahali, akasema namba iliyotoka kwenye kile kidude ilikuwa ndogo mno, ilimshangaza tangu jana. Akamuuliza Mpima mbona hakusema.

Mpima akakuna kovu la kiganja chake. "Ningesema ni spiriti ya fundi, nani angeamini? Mlevi akisema ni mvuke..." Akaniangalia, bila hasira, afadhali angekuwa nayo. "Halafu ni mume wa dada. Dada ndiye aliyeniombea kazi."

Daktari akachukua kalamu, akaandika. "Siku ya themanini na mbili," akasema. Dada yake Mpima akaketi kwa kishindo, akajifuta uso na ncha ya khanga, akamwambia nduguye, "Na wewe nawe, mdomo unao wa nini?"

Mke wangu alifunga faili lake, akalipanga sawa na ukingo wa meza, akasimama, akapita mbele yangu kama ninavyopitwa na watu barabarani.

Hakunipigia kelele. Alihamia chumba cha watoto, ambacho ni kitupu tangu waende masomoni. Chakula nilikikuta mezani kimefunikwa. Siku ya pili, juu ya kile kifuniko, nikakuta kichupa cha vidonge na kipande cha karatasi: *Siingii tena karakanani kwako. Daktari amekubali shahidi uwe wewe, maana Mpima amekuomba. Kimoja kila siku. Hakikisha amemeza.*

Mpima amekuomba. Nilisoma mara mbili.

Nilikuwa nimekwisha kuhamisha dumu la spiriti na makopo yote, nimevipeleka kwenye stoo ya nyuma yenye kufuli. Saa moja na nusu Mpima akaingia, akavua kofia. Tulisimama kila mtu upande wake wa meza ya kurandia. Nikamimina kidonge kwenye kifuniko, akakitia kinywani, akashushia na maji.

"Fungua," nikasema. "Inua ulimi."

Akainua. Sijui mke wangu alikuwa anaona nini mle ndani. Mimi niliona meno mawili yaliyooza na kidonge kimekwenda. Nikabaki nimesimama. Kulikuwa na neno moja limebaki.

"Umelalaje?"

"Vizuri, fundi." Akavaa kofia. "Na wewe?"

Miezi mingapi hakuna aliyeniuliza.

"Vibaya," nikasema. "Kitanda kibovu."

"Kibovu wapi?"

"Mguu."

Akachukua futi yake mezani. "Una urefu wa mguu mmoja mzima?"

Tuliuchonga siku ile ile, yeye akapima, mimi nikakata. Uliingia mara ya kwanza. Niliyatoa yale matofali nje nikayaweka chini ya pipa la Soli, akauliza yametoka wapi, nikamwambia agonge kiatu.

Siku ya tisini Mpima alisubiri ng'ambo ya barabara wakati mimi nakipaka kitanda cha binti yake rangi ya maji, isiyo na pombe, milango yote wazi. Kilipokauka, dada yake akaja na mtoto, mwembamba, mdadisi, akalala juu ya mbao tupu kukijaribu, miguu haikufika mwisho. "Kirefu!" akasema. Baba yake akasema, "Utakifikia." Wakakifunga juu ya mkokoteni.

Mke wangu alikuja kuagana nao. Aliingia karakanani kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamshika Mpima mkono kwa mikono miwili, wakazungumza nisikosikia, na nitasema kweli, roho iliniuma kidogo hata hapo. Haikufa. Sidhani itakufa.

Wakaondoka. Akabaki yeye, amesimama pale kitanda kilipokuwa, anatazama sakafu. Mkoba begani. Alikuwa amekwisha kuchelewa kazini.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tena. Badala yake nikajikuta nimesema:

"Mama watoto. Umelalaje?"

Akanitazama muda mrefu, kama anasoma kile kidude chake. Miaka ishirini na miwili, na mimi pia sikuwa nimewahi kumuuliza.

"Niulize tena kesho," akasema, akaenda kazini.

Nikamuuliza kesho yake. Bado yuko chumba cha watoto. Leo pia nimemuuliza, na leo alisimama mlangoni kidogo kabla ya kujibu.